Je, Wajua Kwa Nini Kiini cha Yai la Benedict Humwagika Ilhali Ute Wake Umeganda?

Mara ya kwanza nilipoagiza mayai ya Benedict, katika ule mlo wa kuchelewa unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, niliandaliwa mayai mawili yasiyo na ganda, kila moja limelazwa juu ya nusu ya mkate wa mviringo na kipande cha nyama ya nguruwe, na kufunikwa sosi ya njano iliyong'aa. Nilipolipitisha kisu lile la kwanza, ute ulikatika taratibu kama jibini laini, kisha kiini kikachuruzika chote mkateni. Chakula hiki kilipata jina New York mwishoni mwa karne ya 19, na wanaotajwa kuwa wabunifu wake ni zaidi ya mmoja, lakini mimi nilivutiwa zaidi na swali la jikoni: yai moja, lililopasuliwa na kupikwa bila ganda katika maji yale yale ya moto, linawezaje kuiva nje na kubaki uji ndani?

Ute wa yai ni maji kwa takriban asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini, ambazo ni nyuzi ndogo mno zilizojikunja. Zikipata joto hukunjuka, hushikana na kunasa maji katikati yake, nasi tunasema yai limeganda. Ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, wakati kiini huanza kuwa kizito karibu na 65 na kukaza kwenye 70. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ute ndio ulio nje na ndio unaopokea joto kwanza, kwa hiyo mpishi akiliopoa yai baada ya dakika 3 au 4, kiini huwa hakijafikiwa. Maji yenyewe hayatakiwi kutokota, maana mapovu yake hulirarua yai kabla halijajishika.

Lililo gumu zaidi ni kulizuia yai lisitawanyike. Ute una sehemu nzito inayokizunguka kiini na sehemu nyepesi kama maji. Yai likikaa siku nyingi, hewa ya kaboni dioksidi hutoka kupitia vitundu vya ganda, ute huzidi kupoteza asidi, na ile sehemu nzito hulegea. Ndiyo maana yai la zamani likitiwa majini huacha nyuzi nyeupe zinazoelea kila upande. Wapo wanaotia siki majini ili ute ugande upesi; kwa maoni yangu ni afadhali kutafuta yai lililotagwa karibuni na kulichuja ule ute mwepesi kwa kichujio, kwa kuwa siki huacha ladha yake.

Kwenye sosi, inayoitwa holandezi, kiini kinarudi kwa kazi nyingine. Siagi ni mafuta kwa asilimia 80 hivi, na maji ya limau hayapatani na mafuta. Kiini kina lesithini, ambayo upande wake mmoja hushika maji na mwingine hushika mafuta, hivyo siagi iliyoyeyushwa ikimiminwa kidogo kidogo huku sosi ikipigwa bila kupumzika, hugawanyika kuwa matone madogo yasiyoweza kuungana tena. Ikimwagwa kwa pupa, sosi hujitenga. Ikipata joto kupita kiasi, kiini huganda na kuwa vibonge. Iliyojitenga huokolewa kwa kuimimina polepole juu ya kiini kipya huku ukipiga, lakini vibonge havina dawa.

Sosi hiyo haivumilii baridi pia, kwani siagi iliyomo huanza kuganda. Nililishuhudia hilo mezani pale pale: niliporudi kwenye yai la pili baada ya mazungumzo marefu, sosi ilikuwa imefifia na kufanya utando juu, nami nikalazimika kuibandua kwa uma.