Kompyuta mpakato au seva ya kukodi? Anza kuhesabu saa zako

Kila muhula vijana wanaojifunza kuandika programu hutuuliza: nijinyime ninunue kompyuta mpakato yenye nguvu, au nibaki na hii ndogo nikodi seva za wingu, yaani kompyuta za mbali zinazotumiwa kupitia intaneti? Kabla ya kujibu, huwa tunawaomba watuonyeshe mashine yao inakwamia wapi.

Ukiwa kazini, fungua dirisha linaloonyesha matumizi ya mashine. Mara nyingi utakuta prosesa imetulia ilhali RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea, imejaa pomoni. Kivinjari, hifadhidata na emuleta ya simu (programu inayoiga simu kwenye kompyuta) vikiwaka pamoja, GB 8 hazifui dafu. Kuongeza RAM ifike GB 16 na kuweka diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, kunaweza kumaliza tatizo kwa gharama ndogo mno kuliko mashine mpya. Ila muulize fundi kwanza, maana mashine nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki.

Seva ya wingu hulipiwa kwa saa, na hapo ndipo wengi huumia. Mwezi una saa 730 hivi. Tuseme umekodi seva ya senti 10 za dola kwa saa: ukiiacha ikiwaka mwezi mzima, utadaiwa dola 73. Ukiiwasha saa 4 kwa siku, siku 22, ni saa 88 tu, yaani dola 8.80. Hata ukiizima, kwa kawaida diski yake huendelea kulipiwa mpaka uifute. Nimemwona mwanafunzi akikatwa fedha miezi mitatu kwa seva aliyokwisha kuisahau, na iliniuma sana, kwa sababu fedha hizo zingetosha kumnunulia RAM aliyokuwa akiihitaji. Weka ukomo wa bajeti na taarifa za onyo siku ileile unayofungua akaunti.

Umbali nao una gharama. Ndani ya nyaya za faiba mwanga husafiri takriban km 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu km 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 70, na nyaya hazipiti njia iliyonyooka. Ukiandika msimbo (maandishi ya programu) moja kwa moja kwenye seva ya huko, utaona herufi zikichelewa. Afadhali seva za Afrika Kusini: Microsoft ina kituo Johannesburg tangu 2019, Amazon Cape Town tangu 2020, na Google Johannesburg tangu 2024.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Aliyekuwa na msimbo wake wote kwenye seva ya mbali alikwama. Mwenye nakala kwenye mashine yake aliendelea kuandika na kuhifadhi kwa Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, akasubiri mtandao urudi ndipo atume.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: andikia kwenye mashine yako, kodi seva kwa kazi nzito zinazokuja na kuondoka, kama kufundisha modeli za akili unde zinazotaka GPU, prosesa inayofanya hesabu nyingi kwa pamoja. Na kama bado una shaka, GitHub Codespaces, huduma ya kuandikia msimbo kwenye seva ya wingu, huipa akaunti binafsi saa 60 za bure kila mwezi kwenye mashine ya koa mbili (sehemu mbili za prosesa zinazofanya kazi sambamba). Fanyia humo kazi yako halisi wiki mbili, kwa bando lako la kawaida, kabla hujaenda dukani.