Vita vya mbali na bei ya mbolea Mbeya

Wako wanaoamini kwamba Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwa kuwa zinajilisha kwa mahindi, viazi na maharage yake, haziguswi na misukosuko ya dunia. Imani hiyo husahau kwamba shamba la mahindi la Mbozi au Njombe hutegemea mbolea, na sehemu kubwa ya mbolea hiyo huagizwa kutoka nje. Urea, mbolea ya kukuzia mazao, hutengenezwa kwa gesi asilia. Kwa hiyo gesi ilipopanda bei mwaka 2021, kisha Urusi, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mkulima ambaye hajawahi kuuza hata debe moja nje ya nchi alikuta mfuko wa kukuzia umemshinda bei, na Serikali ikaanzisha ruzuku katika msimu wa 2022/2023. Dizeli nayo hupokelewa bandarini na kupandishwa kwa malori hadi Mbeya, na gharama ya safari hiyo humfikia mnunuzi kituoni.

Kosa la pili, ambalo halisemwi sana, ni kudhani kwamba kila msukosuko ni hasara. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil Julai 2021 ilipandisha bei ya kahawa aina ya arabika katika soko la New York, ambayo ndiyo kipimo cha kahawa ya Mbozi na Mbinga. Hata hivyo, na hapa ndipo hesabu nyingi hukosewa, bei hiyo humfaa mkulima ambaye bado ana kahawa mkononi, si yule aliyekwisha kuiuza ikiwa mtini.