Modeli ya kolesteroli kwenye seli: usisahau kimeng'enya kinachobomolewa

Seli haipimi kolesteroli yake yote. Inapima ile iliyomo kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu tu, ambayo nitaiita ER, na hicho ni kiasi cha asilimia 1 hivi ya akiba yote. Sehemu kubwa imekaa kwenye utando wa nje. Ukiunda modeli ambamo kolesteroli ni kapu moja, umeshakosea kabla ya kuandika mlinganyo wa kwanza, maana kapu zima likipungua kidogo tu, ER inaweza kuwa imepungukiwa vibaya.

Kipimo chenyewe ni protini iitwayo SCAP. Kolesteroli ya ER ikiwa chache, SCAP huibeba protini nyingine, SREBP-2, hadi Golgi, kituo cha seli cha kuchakata protini. Huko vimeng'enya viwili huikata, kisha kipande chake huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kutengeneza na kuingiza kolesteroli. Ikizidi, SCAP hushikwa na Insig, protini ya ER, na safari huishia hapo. Mwaka 2008 Arun Radhakrishnan na wenzake kule Dallas, Texas, walitenga utando wa ER wa seli za CHO, zitokanazo na ovari ya hamsta, wakaona kwamba SREBP-2 hukatwa vizuri kolesteroli ikiwa chini ya asilimia 5 ya molekuli za lipidi, na huacha kukatwa ikipita hapo. Mchoro wake unaporomoka ghafla, kama swichi ya taa. Ndiyo maana kipeo n katika milinganyo ifuatayo hakiwezi kuwa 1. Mimi huanza na 4.

Vigeu ni vitatu: m ni mRNA ya HMG-CoA reduktesi, kimeng'enya kinachodhibiti kasi ya kutengeneza kolesteroli, e ni kimeng'enya chenyewe, c ni kolesteroli ya ER.

dm/dt = a / (1 + (c/K)^n) − d·m
de/dt = b·m − (g0 + g1·h)·e
dc/dt = s·e + u − r·c

Hapo h = (c/K)^n / (1 + (c/K)^n), na u ni kolesteroli inayoingia kutoka nje kupitia LDL, chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu. a ni kasi ya juu ya unakili wa jeni kuwa mRNA, b ni kasi ya mRNA kutafsiriwa kuwa kimeng'enya, s ni kasi ya kimeng'enya kutengeneza kolesteroli, d, g0 na r ni kasi za kupotea, g1 ni ubomoaji wa ziada steroli zikijaa, na K ni kiwango cha c kinachopunguza unakili hadi nusu. Pima c kwa kizio cha ile asilimia 5, ili K iwe 1 na kigezo kimoja kiondoke.

Kipande ambacho wengi hukiacha ni g1·h. Huweka g0 peke yake, yaani kimeng'enya kinachobomolewa kwa kasi ileile siku zote, halafu mzigo wote wa udhibiti wanautwika unakili wa jeni. Lakini nusu-uhai ya reduktesi ni kama saa 12 seli inapokosa steroli (kolesteroli na jamaa zake), na hushuka chini ya saa 1 steroli zikijaa, kwa sababu Insig huipeleka ikabomolewe kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini. Geuza hizo kuwa kasi: 0.693 ÷ 12 ni 0.058 kwa saa, na 0.693 ÷ 1 ni 0.693 kwa saa. Kwa hiyo g0 = 0.058 na g1 = 0.635.

Linganisha dari za modeli hizo mbili. Tuseme seli imetulia pale c = 1, kisha tunaishusha c hadi sifuri. Bila g1, kimeng'enya kinaweza kupanda mara 2 tu, kwa kuwa 1 + (c/K)^n ni 2, hata n ikiwa 20. Ukiweka g1, ubomoaji unashuka kutoka 0.376 hadi 0.058, ambayo ni mara 6.5, na jumla inakuwa mara 13. Seli ikianzia pale c = 1.5, n ikiwa 4, unakili peke yake unatoa mara 6, na ubomoaji ukiongezwa ni mara 61. Hata hiyo haitoshi. Vipimo vya mwaka 1988 kutoka maabara ya Brown na Goldstein, walioshinda Nobeli ya 1985, viligawa mchango hivi: unakili mara 8, utafsiri wa mRNA mara 5, ubomoaji mara 5, zidisha, upate 200. Ule utafsiri hausikilizi steroli bali zao jingine la mevaloneti, kitu ambacho reduktesi hukitengeneza, kwa hiyo ukitaka kuiga statini, dawa zinazozuia reduktesi, b nayo inabidi ibadilike kadiri mevaloneti inavyopungua. Ukiona data inapanda kuliko dari ya modeli yako, usihangaike kuongeza n. Umesahau kiungo.

Kuhusu h kuna hila ninayoikubali shingo upande. Kinachoita ubomoaji hasa ni lanosteroli zilizo katikati ya njia ya utengenezaji, pamoja na oksisteroli (kolesteroli iliyooksidishwa), na si kolesteroli yenyewe. Kuitumia c badala yake kunafaa seli ikiwa imetulia. Katika dakika 30 za kwanza baada ya mshtuko kunadanganya.

Sasa kuyumba. Mrejesho hasi wenye hatua tatu unaweza kuzaa mawimbi yasiyokwisha, na kila anayeanza kazi hii huwa anayatafuta. Kokotoa kabla hujayatafuta. Ukiacha g1 na u, sharti la utulivu ni kwamba nguvu ya mrejesho iwe ndogo kuliko (x + y + z)(1/x + 1/y + 1/z) − 1, ambapo x, y na z ni kasi za kupotea kwa vigeu vitatu. Zikilingana zote, jibu ni 8. Chukua mRNA yenye nusu-uhai ya saa 3 (0.231), kimeng'enya cha saa 12 (0.058), na kolesteroli ya ER yenye nusu-uhai ya dakika 20 (2.08): jibu linaruka hadi 51. Nguvu ya mrejesho haiwezi kuzidi n, na u inaipunguza zaidi. Kwa hiyo n ya 4 haikaribii hata kidogo. Ukirudisha g1 unapata mzunguko mfupi wa hatua mbili, kutoka c kwenda e na kurudi, na huo hutuliza zaidi. Kama kompyuta yako inachora mawimbi kwa vigezo vya aina hii, kagua alama za kutoa na kujumlisha kwanza, halafu vizio. Dakika zilizochanganywa na saa ndizo ninazozikuta mara nyingi.

Upande wa LDL makosa ni ya vizio karibu yote. Majaribio hutaja LDL kwa mikrogramu za protini, ilhali modeli inahitaji molekuli za kolesteroli. Chembe moja ya LDL ina protini moja ya apoB-100, yenye uzito wa daltoni 513,000 hivi, na imebeba molekuli kama 2,000 za kolesteroli, nyingi zikiwa esta. Basi mikrogramu 50 kwa mililita ni nanomola 97 za chembe, na ni mikromola 200 hivi za kolesteroli. Kipokezi cha LDL, protini ya utando wa nje inayoikamata, huzunguka kwenda ndani na kurudi kwa dakika 10 hivi, lakini kolesteroli haifiki ER kwa kasi hiyo. Hupitia lisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enya, hutolewa na protini NPC1 na NPC2, na sehemu kubwa huenda kwanza utando wa nje. Mtiririko kutoka hapo kwenda ER mimi huuandika kuwa sifuri chini ya kizingiti, na wa mstari ulionyooka juu yake, kona ikilainishwa ili programu isikwame.

Kwenye Python, solve_ivp ya SciPy, inayokokotoa milinganyo ya aina hii, ikitumia mbinu ya LSODA au BDF inatosha. Mbinu ya RK45 itatambaa, kwa sababu muda wa kipokezi na wa kimeng'enya umeachana mno. Weka atol, yaani kosa dogo linalovumiliwa, ya kila kigeu peke yake.

Hali ya mwanzo ndiyo inayoharibu ulinganishaji na data. Seli za maabara kwa kawaida hulazwa saa 16 hivi kwenye seramu isiyo na lipoprotini kabla ya jaribio, hivyo saa sifuri ya jaribio si hali tulivu. Endesha modeli na LDL hadi itulie, izime kwa saa 16, ndipo uanze kulinganisha. Na kama mRNA imepimwa kwa "mara ngapi" tu, a na b haziwezi kutenganishwa. Data inaona zao lake, a × b. Funga a iwe sawa na d, tafuta b, na nusu-uhai zote zichukue kwenye majaribio ya saikloheksimidi (huzuia utafsiri) na aktinomaisini D (huzuia unakili) badala ya kuiachia kompyuta izikisie.

Ukishafikia hapo, kigeu kinachofuata cha kuongeza ni protini iitwayo PCSK9. SREBP-2 huwasha jeni yake pamoja na ile ya kipokezi cha LDL, na PCSK9 hukipeleka kipokezi hichohicho kikaharibiwe kwenye lisosomu. Kwenye modeli, ongeza neno −q·P·R katika mlinganyo wa kipokezi (P ni PCSK9, R ni kipokezi, q ni kigezo cha kasi), halafu punguza s kana kwamba umetia statini: R itapanda, na P itapanda nayo, ikikikata kilele chake.