Je, ni kweli Emerson alisema habari ya mtego wa panya?

Msemo wenyewe wafanyabiashara wanaupenda: tengeneza mtego wa panya ulio bora kuliko wa jirani yako, na hata ukijenga nyumba porini, walimwengu watachonga njia hadi mlangoni kwako. Chini yake huandikwa jina la Ralph Waldo Emerson, mwandishi na mhadhiri wa Marekani (1803–1882).

Shida ni huyo panya. Mwaka 1855 Emerson aliandika wazo hilohilo katika shajara yake, ila bidhaa zake ni mahindi, kuni, mbao, nguruwe, viti, visu, hata vinanda vya kanisani. Mwenye kuuza vitu hivyo vikiwa vizuri, utakuta barabara pana iliyokanyagwa ikienda kwake, ajapokaa msituni. Mtego haumo. Wala hakuwa akimpigia debe mvumbuzi. Alikuwa anazungumzia sifa ya mtu na kwa nini tunaiamini.

Mtego unaonekana Emerson akiwa amekwisha kufa, kwa mfano mwaka 1889 katika Borrowings, kitabu cha nukuu kilichokusanywa na wanawake wa kanisa la Unitarian huko Oakland, California. Mmoja wao, Sarah Yule, alieleza baadaye kwamba aliinakili kutoka kwenye mhadhara wa Emerson. Tusimcheke haraka: Emerson alifika California mwaka 1871, na alikuwa na tabia ya kuchukua kurasa za mhadhara mmoja akazichomeka katika mwingine. Huenda jukwaani nguruwe walitoka, mtego ukaingia. Kinachokosekana ni karatasi yake yenye maneno hayo.

Lakini kwa nini jina lake ndilo liligandia? Sisi msemo usio na mwenyewe tunawapa wahenga, na hakuna anayedai ushahidi. Kitabu cha nukuu hakina nafasi ya wahenga. Kila mstari unataka jina, na jina kubwa huvuta mistari iliyo yatima. Elbert Hubbard, mwandishi na mchapishaji wa New York, alidai msemo huo ni wake. Hakufua dafu.

Na usiwazie ule mtego wa ubao na springi unaofyatuka. William Hooker wa Illinois aliupatia hataza mwaka 1894, miaka mitano baada ya kitabu cha Oakland. Aliyeutaja mtego kwanza, awe nani, alikuwa na mtego mwingine kichwani.