Gari la Tanga linaliwa kutoka chini

Jirani yangu hapa Makorora anaosha gari kila Jumapili, tena kwa mapenzi. Toyota IST nyeupe, sabuni ya unga nusu kikombe, povu linatiririka mpaka barabarani na watoto wanalikimbilia. Akimaliza, bodi linameta hata kunguru akitua anateleza. Juzi alipitisha kidole chini ya kizingiti cha mlango wa dereva, kidole kikazama. Kilichobaki pale kilikuwa ganda la rangi tu. Ndani yake unga wa kutu.

"Na ninavyoliosha hili gari!" akasema, kama mtu aliyesalitiwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapanga kichwani yale tunayoambiana mtaani kuhusu kuosha gari. Mengine ni uongo mtupu, mengine yana ukweli kidogo uliopotea njiani. Nayaandika hapa kwa mpangilio wa ndoo yangu mwenyewe, si kwa uzito.

Dhana: sabuni ni sabuni, mradi itoe povu

Sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Ina magadi ya kung'oa jasho na mafuta kwenye kitambaa, na punje zake ambazo hazijayeyuka zinapita juu ya rangi kama msasa. Sabuni ya vyombo nayo kazi yake ni kuondoa mafuta kwenye sufuria ya pilau, na haiwezi kutofautisha samli na ile nta uliyoipaka gari lako mwezi uliopita. Ukiitumia mara moja kwa dharura, gari halifi. Ukiitumia kila wiki, unaliacha bodi uchi, na raba za milango zinaanza kupauka.

Shampuu ya gari inauzwa kwenye maduka ya vipuri, na kifuniko kimoja au viwili vinatosha ndoo nzima. Povu lake lina kazi ambayo wengi hawaijui: ni la kutelezesha. Linaiinua punje ya mchanga na kuitenga na rangi ili itoke bila kukwaruza. Kwa hiyo povu jingi lililokaukia juani halina faida yoyote, ni mapambo tu.

Dhana: ile michirizi ya mviringo ni rangi kuchoka

Simama karibu na gari jeusi saa nne asubuhi, utaona nyuzinyuzi za duara kama utando wa buibui kuzunguka mwako wa jua. Watu husema rangi imechoka, au eti rangi za siku hizi ni nyepesi. Hiyo michirizi tumeichora wenyewe kwa mkono.

Juu ya rangi ya gari kuna tabaka la vanishi lisilo na rangi, ambalo mafundi wanaliita klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hivi, na karatasi ya daftari ni nene kuliko hivyo. Ndilo linalong'aa, na ndilo linalokinga rangi na jua. Sasa sisi tunachukua sponji moja na ndoo moja, tunafuta madigadi yenye mchanga, tunachovya, halafu sponji ile ile inapanda kwenye boneti. Ule mchanga haukwenda popote. Umebaki kwenye maji na unarudi juu kila unapochovya.

Dawa yake ni ndoo mbili: moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye shampuu. Kabla ya yote, mwagia gari maji matupu kutoka juu mpaka chini ili vumbi legevu litoke lenyewe. Kisha anza na paa, vioo, boneti, ubavu, na uishie chini. Peleka mkono kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Matairi na rimu yawe na kitambaa chao, na kisichanganywe kamwe na cha bodi. Kitambaa kikianguka chini, hata ukikung'ute vipi, kimeshastaafu.

Kitambaa chenyewe kiwe cha mikrofaiba, chenye manyoya yanayoumeza mchanga ndani. Kanga iliyochakaa ni laini mkononi, lakini uso wake ni bapa, hivyo mchanga unabaki juu na kuburuzwa. (Na mwenye kanga akikukuta, mimi simo.) Tisheti kuukuu ina mishono. Ile brashi ya manyoya ya kufutia vumbi kavu asubuhi, ambayo madereva wengi wanaiweka nyuma ya siti, ndiyo mchoraji mkuu wa duara hizo.

Dhana: jua likiwa kali gari linakauka vizuri

Kuna mzee mtaani, mstaafu wa malori, ambaye hapiti bila neno. Siku moja alinikuta naosha saa saba mchana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kwa jua hili unaosha, au unachemsha maharage?"

Nilicheka, ila baadaye nikayaona madoa. Boneti likiwa la moto, maji yanakauka kabla hujayafuta na kuacha kile kilichokuja na kila tone: chokaa na chumvi. Ardhi ya huku kwetu ina mawe ya chokaa, na mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayo hayo. Si ajabu maji ya visima vingi yakawa mazito, yaani yenye chokaa nyingi. Osha asubuhi mapema au baada ya alasiri, sehemu moja moja, na ukaushe kwa taulo badala ya kuliachia jua. Madoa yaliyokwisha kukaa, jaribu siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, weka dakika moja, kisha suuza sana. Yakigoma, yameshaingia kwenye klia, na hapo ni kazi ya fundi.

Dhana: mvua ya masika imeshaniosheshea, na chini hapaonekani

Hapa ndipo jirani yangu alipoumia, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa zaidi.

Kila nyumba ya Tanga ina kichupa cha chumvi chenye punje za mchele ndani. Tunaziweka kwa sababu chumvi ya huku hulowa na kugandamana bila kumwagiwa hata tone. Hewa ikifikisha unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka yenyewe ikawa maji, na usiku mwingi wa pwani unapita kiwango hicho. Sasa hamisha kichupa hicho kichwani mwako, ukiweke ndani ya fenda, nyuma ya bampa, kwenye mikunjo ya vizingiti. Upepo wa bahari unaleta chumvi mle kila siku, iwe kusi au kaskazi. Gari lako unaliona kavu, kumbe huko ndani halijakauka tangu ulinunue. Na maji ya chumvi ndiyo yanayopenda bati kuliko maji mengine yote: yanapitisha umeme kwa wepesi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine.

Mvua haifiki huko. Mvua inaosha paa, na hata hilo inaliosha vibaya, maana inashusha vumbi la hewani na kuliacha madoa. Barabarani nayo inachanganya tope na kulirusha juu chini ya gari, likaganda kwenye pembe, likashika unyevu kama sponji.

Njia ninayotumia ni ya bei ya maji tu. Naegesha magurudumu ya mbele kwenye mwinuko mdogo, nakata usukani wote kushoto, napiga maji ya bomba ndani ya fenda, kisha nakata wote kulia. Napitisha mpira wa maji chini ya vizingiti vyote viwili, nyuma ya madigadi, juu ya tangi la mafuta. Sihitaji mashine ya presha. Kidole gumba kwenye mdomo wa mpira kinatosha, ila muda nautoa wa kutosha. Anayekaa Raskazone au Sahare, karibu na maji, afanye kila wiki. Aliyepita kwenye mchanga wa bahari uliolowa afanye siku hiyo hiyo, asilale.

Kisha kuna vitundu. Chini ya kila mlango kiwanda kimeacha vitundu vidogo vya kutolea maji yanayopenya kwenye raba za kioo. Mchanga na majani vikiviziba, mlango unageuka mtungi. Vizibue kwa kijiti cha mshikaki. Usitumie msumari, utakwaruza rangi ya ndani na kuikaribisha kutu mwenyewe.

Wengine watakwambia: pakaa oili chafu chini, kutu haitasogea. Oili inazuia maji kweli, lakini ukiipaka juu ya chumvi umeifunika chumvi na chakula chake. Pia inakamata mchanga, inalegeza bushi za mpira, inanuka ikidondokea ekzosi ya moto, na inayobaki inachuruzika ardhini, pengine jirani na kisima. Kuna dawa za chasisi zenye nta. Hizo zipakwe baada ya kuosha kwa maji yasiyo na chumvi na kukauka kabisa.

Na usijidanganye kwa kuwa gari limeshuka melini juzi. Japani ya kaskazini, Hokkaido kwa mfano, wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko linaweza kuja na kutu yake kutoka nyumbani. Piga magoti uangalie chini kabla ya kusifia rangi.

Dhana: kinyesi cha kunguru kinasubiri Jumapili

Hakisubiri. Klia ikipata joto inalainika na kutanuka, jioni inapoa na kujikunja ikiwa imekikumbatia kile kilichoikalia, na asidi nayo inafanya yake. Siku moja ya jua inatosha kuacha alama. Usikwangue kikavu: weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kisha kiinue. Utomvu wa mwembe vivyo hivyo. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa mwenye gari mpaka msimu uanze.

Dhana: dawa ya meno inarudisha taa

Nusu kweli. Taa za kisasa ni plastiki iliyopakwa kinga dhidi ya jua. Kinga ikiungua, taa inakuwa ya njano. Dawa ya meno ina chembe ndogo za kusugulia, kwa hiyo inaondoa ile njano ya juu na taa inang'aa mbele ya macho yako. Lakini na kilichosalia cha kinga umekiondoa, na jua la Tanga halina huruma. Baada ya miezi michache inarudi, mbaya zaidi. Kazi ya kudumu ni msasa wa maji, kuanzia wa kati kwenda laini, 800, 1500, 2000, halafu klia mpya ya kukinga jua.

Matairi: dizeli inayang'arisha, ndiyo, na inaulainisha mpira wake. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi, tone likigusa bodi linakula rangi. Brashi na sabuni vinatosha. Tairi jeusi lisilong'aa si aibu.

Dhana: injini haioshwi, au injini inapigwa presha

Pande zote mbili zinakosea. Injini iliyojaa oili na vumbi inaficha uvujaji, kwa hiyo kuisafisha kuna maana. Subiri ipoe, funika kwa mifuko ya plastiki alteneta, boksi la fyuzi na mdomo wa hewa, kisha tumia brashi, kitambaa na maji kidogo. Maji ya presha yanaingia kwenye soketi na visima vya plagi, na asubuhi gari linatetemeka kama lina homa.

Dhana: harufu inaondolewa na pafyumu

Kwa unyevu wetu, siti iliyomwagiwa ndoo ya maji haikauki kabla ya ukungu kuanza. Tumia povu la kitambaa, si maji, na milango ibaki wazi mpaka jioni. Inua kapeti ulishike kwa chini. Mara nyingi juu ni kavu na sifongo yake imelowa. Ikiwa harufu inakuja ukiwasha kiyoyozi, angalia kichujio chake, ambacho kwenye magari mengi madogo ya Kijapani kiko nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria. Nimewahi kutoa kimoja chenye manyoya, majani na kitu nilichoamua kutokichunguza.

Jumapili iliyofuata tulilipandisha gari la jirani kwenye mwinuko, nikalala chali na mpira wa maji. Tulipozibua kitundu cha mlango wa nyuma, yalitoka maji ya rangi ya chai kavu, kikombe kizima, yakifuatwa na mchanga mweupe na jani moja la mwarobaini. Jirani akachuchumaa, akaliokota lile jani, akaligeuza. Mwarobaini wa karibu uko nyumba alikohama miaka miwili iliyopita.