Je, wajua kwa nini kigari cha kuchezea cha kale cha Rolls-Royce hupasuka chenyewe kabatini?

Hakijaanguka wala hakijaguswa na mtoto, lakini boneti imejaa nyufa nyembamba zinazokatizana na rangi inabanduka. Wanaokusanya Dinky Toys, vigari vya kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, wanaufahamu ugonjwa huu. Huvipata hasa vilivyosubiwa (vilivyomiminwa katika kalibu) kabla ya Vita Kuu ya Pili, ikiwemo Rolls-Royce namba 30b iliyotoka mwaka 1935.

Chanzo kimo ndani ya chuma chenyewe. Vigari hivi ni vya aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki yenye alumini takriban asilimia 4, pamoja na shaba na magnesi kidogo. Aloi hii huyeyuka kabla ya kufika nyuzi joto 400, kwa hiyo haichoshi kalibu za chuma. Lakini haivumilii madini ya risasi hata kidogo: kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo ni asilimia 0.005 hivi, yaani gramu 5 katika kilo 100. Miaka ile usafi wa zinki haukudhibitiwa hivyo, na Meccano hiyohiyo ilikuwa ikisubu pia vitu vya risasi.

Risasi haichanganyiki na zinki iliyoganda. Aloi ikipoa, risasi husukumwa kwenye mipaka ya chembechembe za zinki, na unyevu wa hewa huanza kula hapo mipakani. Kutu inayozaliwa huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, basi kigari huvimba, hurefuka, kisha hupinda kama ndizi. Ndiyo maana kalipa, kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi, ni shahidi mzuri kuliko macho: pima urefu, ulinganishe na kingine kizima cha toleo lilelile.

Kabla ya kununua, geuza uangalie chini. Nyufa huonekana mapema penye chuma chembamba, kama nguzo za madirisha na mashikio ya ekseli. Vitovu laini vya magurudumu huashiria kigari cha kabla ya vita. Vya baada ya vita vina ukingo ulioinuka. Usitegemee hilo peke yake, maana magurudumu hubadilishwa.

Tiba hakuna. Gundi hushika vipande tu. Kukwangua rangi ili upake upya ni kukiua, kwa sababu mara nyingi rangi ndiyo inayokishikilia, na dawa ya kuondolea rangi hupenya kwenye nyufa. Kinachowezekana ni kuchelewesha: unyevu chini ya asilimia 50, joto lisilopandashuka, na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu ndani ya sanduku la kioo. Kwa aliye Mombasa au Zanzibar, vifuko hivyo vikaushwe au vibadilishwe mara kwa mara.

Na ugonjwa huu hauambukizi, wachuuzi waseme watakavyo. Kigari kizima kinaweza kukaa kando ya kilichooza bila kudhurika. Unga mweupe juujuu ni kutu ya kawaida ya zinki, tatizo jingine kabisa.