Roba Haisubiri Kiwiko

Kila ninapofungua darasa jipya la kujilinda, kabla hata wanafunzi hawajamaliza kuvua viatu, hakosekani wa kunieleza kwamba akipigwa roba, yaani akikabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma, au ngeta kama wasemavyo Nairobi, atamtia mwizi kiwiko cha mbavu, na kikishindikana atamtupa juu ya bega. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa maneno, kwa hiyo siku hizi namwita mtu huyo mbele na kumkaba.

Wa mwisho alikuwa kijana mpana wa mabega. Kiwiko chake cha kwanza kilinigusa ubavuni, cha pili kikapita hewani, na cha tatu hakikuja, kwa sababu tayari alikuwa akinigonga mkononi nimwachie.

Roba iliyokaa sawasawa, yaani kikunjo cha kiwiko kikiwa chini ya kidevu, haizibi pumzi. Hubana mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani pande zote mbili za shingo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi, pengine chini ya hapo. Anayezitumia sekunde hizo kutafuta mbavu asizoziona amezitupa. Na huko kutupa juu ya bega, ambako sisi wa judo tunakupenda sana, kunahitaji uzito wa adui uwe umeinamia mbele, ilhali mkabaji wa mtaani hukuvuta nyuma hadi ukasimama kwa visigino. Hapo bega halina cha kubeba.

Mikono yote miwili iende kwanza kwenye mkono unaokaba, na huu ndio utaratibu uliomo hata katika Goshin Jutsu, mfululizo wa mbinu za kujilinda wa Kodokan, makao makuu ya judo huko Tokyo, uliokamilishwa mwaka 1956: vuta kigasha chake kuelekea kifuani kwako kwa uzito wa mwili mzima, ingiza kidevu ukikielekeza kwenye kikunjo cha kiwiko chake, shusha nyonga, kisha jigeuze utoke chini ya kwapa lake. Kiwiko, kisigino na meno vina zamu yao baada ya shingo kupata nafasi. Lifanye zoezi hili na mtu anayekuzidi uzito, tena umefumba macho, kwa sababu rafiki mwembamba anayekukaba kwa upole hatakufundisha kitu.

Wapo pia wanaodhani kwamba mwenye mkanda mweusi huhisi mtu akimjia kwa nyuma. Hahisi; husikia, iwapo hajajaza muziki masikioni, na hayo madude ya masikioni ningeyapiga marufuku kwa kila atembeaye usiku. Wengine hung'ang'ania mkoba wakati wanakabwa, na hivyo kujinyima mkono mmoja kati ya miwili waliyo nayo. Uachie.

Dhana ya mwisho ni kwamba aliyekabwa akazinduka amepona. Ukuta wa mshipa wa shingo unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda hapo na kuleta kiharusi saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa kwa taabu, kichwa kikiuma au mkono ukifa ganzi, nenda hospitali siku hiyohiyo na umweleze daktari kwamba ulikabwa, hata kama shingoni hakuna alama yoyote.